Furu mia tano walitokeaje katika ziwa moja?

"Nafundisha baiolojia kidato cha nne katika shule iliyo kando ya Ziwa Victoria, upande wa Tanzania. Kila mwaka nikifika mada ya mageuzi ya viumbe hutumia mfano wa twiga: alikuwa na shingo fupi, majani ya chini yakaisha, akajinyoosha kufikia ya juu, na shingo ikarefuka kizazi hadi kizazi. Mwaka huu mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi, aliniuliza: 'Mwalimu, nimesoma kwamba ziwa letu lina aina mia tano za furu, na kwamba lilikauka miaka elfu kumi na tano tu iliyopita. Humu hakuna mlima wala bahari ya kuwatenganisha. Walitokeaje?' Nilimjibu kuwa furu ni furu tu, rangi ndizo zinazotofautiana kama za kuku. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Halafu wavuvi mwaloni wanasema furu wamerudi kwa sababu wamemzoea sangara. Ni kweli wamebadilika? Na la mwisho: baadhi ya wazazi wamelalamika kwamba tunawafundisha watoto wao kuwa binadamu alikuwa nyani. Nifundishe vipi?"

Mwalimu, huyo mwanafunzi wako amegusa swali ambalo wataalamu wa samaki wamelikunia vichwa kwa miongo mingi, tena amelishika penyewe. Usimzime. Umeniuliza mambo matatu: furu, hawa samaki wadogo wa ziwani, walitokeaje, kama kweli wamebadilika kwa sababu ya sangara, samaki mkubwa anayewala, na useme nini mbele ya wazazi. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza maana hapo ndipo penye nyama, na ukishalielewa, hayo mawili hayatakupa shida. Njiani itabidi tumrekebishe na twiga wako kidogo.

Tuanze na hili la furu ni furu tu. Nenda mwaloni alfajiri boti za dagaa zinaporudi. Waliokesha na taa huwa wamenasa na furu humo humo kwenye dagaa, nao huuzwa kwa bei ya chee. Nunua kiasi, kisha mwombe mvuvi wa ndoano akuwekee wachache aliowatoa kwenye miamba. Wapange juu ya meza ya maabara. Kwa mbali utaona samaki wadogo tu, wa urefu wa kidole hadi kiganja, kila mmoja na pezi refu la mgongoni lenye miiba. Sasa chukua kioo cha kukuzia uwafungue midomo mmoja mmoja. Anayekwangua mwani kwenye mawe ana meno madogo mengi, safu nyuma ya safu, na ncha za meno hayo zimegawanyika. Anayewinda samaki wenzake ana mdomo mrefu na meno yaliyochongoka. Wapasue tumbo: utumbo wa mla mwani ni mrefu na umejizungusha mara nyingi, wa mwindaji ni mfupi. Halafu ingia kooni. Huko furu ana taya za pili kabisa, mbali na zile za mdomoni. Kwa anayekula konokono taya hizo ni nene na zina meno bapa ya kusagia. Kwa anayekula vijidudu vinavyoelea majini ni nyembamba na meno yake ni laini.

Taya za kooni zina maana kubwa katika habari hii. Kwa kuwa kazi ya kutafuna na kusaga inafanyika kooni, taya za mbele zimebaki huru kwa kazi ya kukamata, zikaweza kuchukua kila umbo. Ndiyo maana katika ukoo mmoja utakuta anayenyonya funza kwenye tope, anayemvunja konokono, anayenyofoa magamba ya samaki wengine. Kuna hata wanaowavamia majike wanaolea. Jike wa furu hubeba mayai na vifaranga mdomoni, na hawa humshambulia mpaka ateme, wakala watoto wake. Ukiona jike kidevu kimevimba, kabla hujampasua mwoneshe darasa zima kilichomo.

Kwa hiyo tofauti si za rangi peke yake. Lakini hata hizo rangi zina habari nzito kuliko rangi za kuku. Jogoo mwekundu humpanda tetea yeyote, mweupe au mweusi, na vifaranga wanatoka mchanganyiko. Jike wa furu hafanyi hivyo. Anachagua, na anachagua kwa macho.

Chukua spishi mbili zinazoishi kwenye miamba ya kusini mwa ziwa, Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei. Huyo wa pili alipewa jina mwaka 1985 na watafiti wa Kiholanzi kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, jambo ambalo wanafunzi wako watalipenda. Dume wa nyererei ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari ya giza. Dume wa pundamilia ana rangi ya buluu iliyofifia, naye ana mistari. Majike wa pande zote mbili ni wa rangi ya njano iliyochakaa, na hata mtaalamu huwachanganya. Ukiwafungia jike wa huyu na dume wa yule katika tangi moja, wanazaana, na chotara wao nao wanazaa bila tatizo lolote. Hakuna ukuta wa kimwili kati yao. Kinachowatenga ni uchaguzi wa jike tu.

Hilo limepimwa. Katika tangi lenye mwanga mweupe, majike huwafuata madume wa spishi yao. Watafiti wakabadilisha taa, wakaweka ya rangi ya machungwa ambayo hufuta tofauti ya nyekundu na buluu. Majike wakapoteza mwelekeo, wakawakubali madume wa aina zote mbili. Samaki ni wale wale, tangi ni lile lile, na kilichobadilika ni mwanga peke yake.

Sasa umtoe samaki huyo kwenye tangi umrudishe ziwani. Maji ya Victoria si maangavu kama ya Tanganyika. Yana mwani na vumbi la udongo linaloelea. Katika maji ya namna hiyo mwanga wa buluu hupotea haraka, na kadiri unavyoshuka kinachobaki ni cha njano na nyekundu. Pundamilia anakaa kwenye mita chache za juu, ambako rangi zote bado zipo. Nyererei anakaa chini yake. Ole Seehausen na wenzake walipochunguza macho ya samaki hawa kwenye visiwa vya eneo la Mwanza, wakachapisha matokeo mwaka 2008, walikuta kwamba kinasaba kinachotengeneza kipokezi cha mwanga mwekundu kimekuja kwa matoleo mawili. Wale wa juu wana toleo linaloegemea upande wa buluu, wale wa chini wana linaloegemea wekundu. Kila mmoja ana jicho linalofaa mwanga wa pale anapoishi.

Fikiri kinachofuata, na hapa mpitishe mwanafunzi polepole. Jike wa chini anayeona vizuri wekundu atamwona dume mwekundu mapema na kwa wazi zaidi kuliko dume wa buluu, ambaye kwake anafifia kwenye giza. Atazaa na huyo mwekundu. Watoto watarithi jicho la wekundu kutoka kwa mama na mgongo mwekundu kutoka kwa baba, yote mawili kwa pamoja. Juu kule mambo yanakwenda kinyume chake. Chotara anayezaliwa na jicho la huku na rangi ya kule hafi, lakini anachelewa: haoni vizuri chakula pale alipo, na majike hawamtazami. Kizazi baada ya kizazi, makundi mawili yanaachana ndani ya mwamba mmoja, umbali wa mita chache. Mwanafunzi wako alitafuta mlima wa kuwatenganisha. Tofauti ya kina iliweza kufanya kazi hiyo, kwa sababu kina hubadilisha mwanga na mwanga hubadilisha uchumba.

Ukiniuliza katika nadharia zote za mageuzi ipi iliyo karibu zaidi na moyo wangu, ni hii ya hisi kuongoza uchaguzi wa mwenzi. Darwin na Wallace walipowasilisha wazo la uteuzi asilia, yaani mazingira kuwachuja viumbe ili wanaofaa wazae zaidi, mwaka 1858 hawakuwa na habari ya vinasaba kabisa, na kwa muda mrefu baada yao wataalamu wengi walishikilia kwamba spishi mpya haizaliwi bila kutenganishwa na mto, mlima au bahari. Bado hiyo ndiyo njia iliyo ya kawaida zaidi kwa wanyama wengi, usimfiche mwanafunzi. Na hata kwa furu, visiwa na miamba iliyo mbalimbali imesaidia, maana furu wa mwambani si msafiri; eneo la mchanga kati ya miamba miwili linamtosha kuwa mpaka. Lakini hawa wa Mwanza wanatuonyesha kwamba kutengana kunaweza kushika kasi hata majirani wakiwa wanaonana.

Tukija kwenye muda, mwanafunzi yuko sahihi. Ziwa Victoria lina kina cha takriban mita 80 tu pale penye kina kirefu, wakati Tanganyika linapita mita 1,400. Miaka ya 1990 watafiti walitoboa tope la chini kabisa la Victoria, wakakuta tabaka la udongo uliowahi kuwa ardhi kavu, lenye mabaki ya mizizi. Ziwa lilikauka, likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Furu wengi hupevuka wakiwa na umri wa mwaka mmoja au karibu na hapo, kwa hiyo vizazi ni vingi kuliko tunavyodhani. Hata hivyo, kwa hesabu ya kawaida muda huo ni mfupi mno. Mabadiliko mapya katika vinasaba hutokea kwa bahati, moja moja, na mengi hayana faida. Ukisubiri yajikusanye mpaka yatoe spishi mia tano, miaka 15,000 haitoshi.

Jibu lilitoka kwenye vinasaba vyenyewe, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Furu wa Victoria na maziwa ya jirani hawatokani na babu mmoja. Wanatokana na koo mbili zilizokuwa zimeachana zamani sana, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Mto Nile wa juu, zikakutana katika eneo hili na kuzaana, takriban miaka 150,000 iliyopita. Kila ukoo ulikuja na matoleo yake ya vinasaba, yaliyokwisha kupimwa na maisha kwa muda mrefu. Yale matoleo mawili ya kinasaba cha jicho niliyoyataja, moja lilitoka kwenye ukoo mmoja na la pili kwenye ukoo mwingine.

Fundi cherehani anayefuma kitambaa chake uzi kwa uzi atamaliza nguo moja kwa mwezi. Mpe majora mawili yaliyokwisha kufumwa, ya nakshi tofauti, uone atakata na kuunga mishono mingapi kwa wiki. Furu walipoingia kwenye ziwa jipya lililojaa nafasi tupu, miamba, mchanga, matete, maji ya juu na sakafu yenye giza, walikuwa tayari na majora. Kilichobaki kilikuwa kupanga upya, na kila mpangilio uliofaa mahali fulani ukabaki hapo. Zaidi ya hayo, utafiti wa karibuni unaonyesha walichanganyika na kuachana zaidi ya mara moja kabla ya kufikia wingi huu. Zamani tulizoea kumwona chotara kama ajali inayoharibu spishi. Kwa furu, uchotara ndio uliowapa mtaji.

Hapa ndipo twiga wako anapohitaji marekebisho, na usijilaumu, mfano huo umo kwenye madaftari ya shule tangu enzi. Habari ya mnyama anayejinyoosha na watoto wakarithi unyoofu huo ni ya Lamarck, Mfaransa aliyeiandika mwaka 1809. Tatizo lake ni kwamba unachokipata mwilini kwa juhudi hakiandikwi kwenye mbegu yako. Mbeba mizigo wa bandarini hazai mtoto mwenye mabega mapana kwa sababu tu amebeba magunia. Tafsiri ya Darwin ni tofauti: katika kundi moja la twiga wa kale walikuwapo wenye shingo ndefu kidogo na wenye fupi kidogo, kwa kuzaliwa. Waliofaidika na urefu walizaa zaidi. Na urefu huo huenda ulisaidia kwenye majani, au kwenye mapigano ya madume wanaopigana kwa shingo, au vyote viwili. Wataalamu bado wanashindana. Tofauti ilikuwapo kwanza, mazingira yakachuja baadaye. Twiga hakutaka chochote.

Kama unataka mfano wa mnyama mkubwa ambao mtoto hawezi kuusahau, achana na twiga utumie tembo wa Gorongosa, Msumbiji. Wakati wa vita vya 1977 hadi 1992 majeshi ya pande zote yaliwaua tembo kwa ajili ya pembe, wakapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kabla ya vita majike wasio na pembe walikuwa chini ya moja ya tano. Baada ya vita walifika karibu nusu. Hakuna tembo aliyeamua kuacha kuota pembe ili asipigwe risasi. Wasio na pembe walikuwapo tangu mwanzo, mwindaji akawapita, wakabaki kuzaa. Miaka 15 tu.

Jambo moja la kukuweka macho, kwa kuwa linawachanganya hata wanachuo. Mwili unaweza kubadilika katika maisha ya mnyama mmoja bila kuwa mageuzi. Kuna furu anayeitwa Astatoreochromis alluaudi, ambaye ziwani hula konokono na ana taya nene za kooni. Watu wakamweka kwenye mabwawa wakitumaini atamaliza konokono wanaoeneza kichocho. Akilelewa kwa chakula laini, taya zake zinakua nyembamba, za mtu asiyefanya kazi. Vinasaba ni vile vile. Misuli na mifupa imejibu mazoezi. Ukiwarudisha watoto wake kwenye konokono tangu wadogo, taya nene zinarudi. Kwa hiyo kila unapoona samaki amebadilika, uliza kwanza: hii itabaki kwa wajukuu wakilelewa kwingine?

Na hilo ndilo swali la kuwauliza wavuvi wako. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikaa kimya muda, kisha miaka ya 1980 akafumuka. Kabla yake, katika miaka ya 1970, furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa sakafu ya ziwa. Ndani ya muongo mmoja wakawa adimu, na inakadiriwa spishi zipatazo 200 zilipotea au zikabaki chache mno. Wa miambani waliponea chupuchupu kwa kuwa sangara hana njia ya kuingia kwenye nyufa. Wa maji ya wazi na wa kwenye tope ndio walioumia.

Tangu miaka ya 1990, uvuvi ulipompunguza sangara, baadhi ya furu wamerejea. Hapo wavuvi wako wanasema kweli. Lakini "wamerudi" isikupe picha ya wote mia tano kurudi. Waliorudi kwa wingi ni wachache, hasa wanaokula vijidudu vya majini. Waliokuwa wakila samaki, waliokuwa wakila vifaranga, wengi wao hatujawaona tena.

Je, wamebadilika? Kundi la watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden lilikuwa likichukua sampuli katika Ghuba ya Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo chupa zenye samaki wa kabla ya sangara zipo. Mmoja wa waliorejea, Haplochromis pyrrhocephalus, alipowekwa mezani na babu zake wa kwenye chupa, tofauti zilionekana wazi: eneo la matamvua limeongezeka kwa zaidi ya nusu, na sehemu ya mwili iliyo jirani na mkia imekuwa kubwa ukilinganisha na kichwa. Chakula chake nacho kimekuwa kikubwa zaidi; anakula uduvi, wadudu, hata dagaa wachanga. Yote hayo ndani ya miongo miwili. Matamvua makubwa yanaeleweka, kwa sababu maji ya chini siku hizi yana oksijeni kidogo kuliko zamani. Mkia wenye nguvu ni wa kukimbia haraka.

Nikupe maoni yangu bila kuyapamba. Sehemu ya mabadiliko hayo huenda ni ya aina ile ya Astatoreochromis, maana furu aliyelelewa kwenye maji yenye oksijeni kidogo hukuza matamvua makubwa hata kama ndugu zake wa tumbo moja waliolelewa kwenye maji mazuri hawana. Sehemu nyingine ina kila dalili ya uteuzi: sangara aliwala wazembe kwa miaka mingi, waliobaki ni watoto wa waliokimbia. Na chotara nao huenda wamechangia, kama ilivyokuwa zamani. Kusema "wamemzoea sangara" kunafanya ionekane kama samaki mmoja alijifunza akawafundisha wenzake. Waambie wavuvi kwamba sangara ndiye aliyewachuja. Watakuelewa haraka kuliko unavyodhani. Hawa ni watu wanaojua jicho la wavu huacha samaki wa ukubwa gani.

Kuna upande wenye uchungu ambao lazima uufundishe pia. Rangi ndizo zinazowatenga furu, na rangi zinahitaji maji yanayopitisha mwanga. Mbolea, majitaka na udongo unaobebwa na mvua kutoka mashambani vimelisha mwani, na maji yamekuwa mazito. Mwaka 1997 Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walieleza katika jarida la Science kwamba pale maji yalipochafuka, madume wamepauka na spishi ni chache. Kwenye kisiwa cha Makobe, ambako maji yana uangavu, nyererei na pundamilia ni spishi mbili zisizo na ubishi. Kwenye kisiwa cha Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza ambako maji ni ya tope, utakuta kundi moja lililochanganyika, si wekundu hasa wala buluu hasa. Ni lile jaribio la taa ya machungwa likifanyika ziwani, bila mtu kulipanga. Hakuna aliyewavua wala kuwala samaki wa namna hii mpaka wakaisha. Wamepotea kwa kuzaana wao kwa wao. Ninapowasikia watu wakizungumzia uhifadhi wa ziwa kama jambo la kuzuia makokoro, zile nyavu za kukokota, peke yake, nasikitika, kwa sababu unaweza ukachoma makokoro yote na bado ukapoteza spishi kwa sababu ya mfereji wa majitaka.

Sasa wazazi. Kwanza lisahihishe lile linalosahihishika: hakuna mwanasayansi anayesema binadamu alikuwa nyani. Nyani wa leo ni mnyama wa leo, kama wewe na mimi. Sayansi inasema binadamu na sokwe wana babu wa pamoja aliyeishi takriban miaka milioni 6 au 7 iliyopita, ambaye hakuwa sokwe wala binadamu. Mzazi anaweza bado akakataa, lakini angalau atakuwa anakataa kinachosemwa kweli.

Pili, usianze mada na binadamu. Anza na furu. Mzazi mvuvi anawajua samaki hao kwa macho yake, anajua wapi anapatikana mwekundu na wapi wa buluu, na hakuna aya wala andiko analohisi limeguswa. Ukimaliza furu na tembo, mtoto atakuwa na kanuni mkononi, na swali la binadamu likija litajibiwa kwa utulivu.

Tatu, usijigeuze mwanatheolojia darasani. Kazi yako ni kueleza ushahidi na namna unavyopimwa. Mzazi akikuuliza kama imani yake imebatilishwa, mwambie kwa heshima kwamba hilo amuulize sheikh au padri wake, na wengi wao wana majibu mapana kuliko anavyotarajia. Kwa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo II alitamka mwaka 1996 kwamba nadharia ya mageuzi ni zaidi ya dhana tu. Lalamiko likifika kwa maandishi, usijibizane kwa simu wala kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kaa na mkuu wa shule, mfungue muhtasari wa somo pamoja, mumwite mzazi ofisini mzungumze ana kwa ana.

Kwa upande wa samaki, mambo mawili hayawezi kufanyika kwa maandishi. Kutambua spishi ni kazi ya mtu mwenye samaki mkononi. Hata picha nzuri haitoshi, kwa sababu madume hupauka dakika chache baada ya kutolewa majini na majike wanafanana. Kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, kilichopo Mwanza kina wataalamu wanaowajua furu. Andika barua ya shule, peleka samaki walio freshi kwenye barafu, uwe umeandika walivuliwa mwamba gani na kina gani. Bila hayo mawili mtaalamu hana pa kuanzia.

La pili linahusu usalama. Usiwaingize wanafunzi ziwani kutafuta samaki. Maji ya ufukweni, hasa penye matete na magugu, ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, na furu waliokuwa wakiwala konokono hao wamepungua. Nunua samaki kutoka kwenye boti, vaeni glavu mnapopasua, mnawe mikono kwa sabuni. Na wale watoto ambao tayari huoga au kuteka maji ziwani kila siku, waelekeze kituo cha afya wakapimwe. Dawa ya kichocho ipo na hutolewa hapo hapo, lakini kipimo ndicho kitakachosema nani anaihitaji.